Chombo na Kilichomo: Kusita kwa Watu wa Pwani Mbele ya Vyombo Vipya vya Kusoma na Kujiburudisha



Kuna swali ambalo hutufikia kwa sura nyingi, nalo kwa asili yake ni moja. Mzazi anauliza: je, mtoto asome Qur'ani kwenye simu? Kijana anauliza: babu amekataa televisheni isiingie nyumbani, je, ana hoja ya kisheria au ni ukale tu? Mwalimu wa chuo anauliza: wanafunzi wanakuja na programu ya kuhifadhisha, niwaache au niwazuie? Na bibi naye anauliza kama anapata thawabu kwa kisomo anachokisikia katika redio ya kadi aliyoletewa na mjukuu wake kutoka Tanga.

Tumeona ni vyema tusijibu kwa neno moja. Kusita huku hakukuanza na simu. Watu wa Pwani yetu, hasa upande wa Tanga, Pangani na mrima wote unaotazamana na Pemba, wamekutana na vyombo vipya mara nyingi, na mara nyingine walisita kwa hoja nzito. Tukijua walisita kwa nini, walipata nini na walipoteza nini, tutaweza kujibu maswali ya leo kwa uadilifu, bila kuwadharau wazee na bila kuwaacha watoto.

Msingi wa hukumu

Wanazuoni wa fiqhi wana kanuni mbili zinazotosha kuanzia. Ya kwanza ni kwamba asili ya vitu vya matumizi ni uhalali, mpaka ije dalili ya kukataza. Ya pili ni kwamba nyenzo hupewa hukumu ya makusudio yake: njia inayompeleka mtu kwenye wajibu huwa na uzito wa wajibu, na njia inayompeleka kwenye haramu huzuiwa.

Kwa hiyo chombo chenyewe, kiwe ni karatasi iliyochapwa, santuri, redio, televisheni au simu, hakiitwi halali wala haramu kabla ya kutazamwa kilichomo na kinapompeleka mtu. Allah katika Suratul Israa, aya ya 36, ametuonya tusifuate tusiyoyajua, na akatujulisha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Vitakavyoulizwa ni viungo vyetu. Chombo hakina hesabu, mwenye hesabu ni anayekishika.

Kusita hakukuanza kwetu

Umma wa Kiislamu ulichelewa kukubali mashine ya kuchapa. Mjini Istanbul, Ibrahim Müteferrika alipewa ruhusa ya kuchapa mwaka 1727, na Sheikhul Islam wa wakati huo akatoa fatwa ya kujuzisha. Lakini ruhusa ile iliviacha nje vitabu vya dini: Qur'ani, tafsiri, hadithi na fiqhi viliendelea kunakiliwa kwa mkono. Hofu yao ilikuwa na maana. Nakala ya mkono hupita mbele ya macho ya mwalimu na husahihishwa. Kosa moja katika mashine hutoka mara elfu moja kabla hajapatikana wa kulirekebisha.

Ilipokuja santuri, swali likawa jipya: je, inafaa Qur'ani itoke katika chombo ambacho jioni kitatoa nyimbo? Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuja kuwa Mufti wa Misri, aliandika risala kuhusu kisomo katika santuri mwanzoni mwa karne ya 20, na akaandika pia kuhusu picha za kamera. Na redio ya Misri ilipofunguliwa mwezi wa Mei 1934, husimuliwa kwamba msomaji mashuhuri Sheikh Muhammad Rifaat hakukubali kusoma mpaka alipotaka rai ya Sheikh wa Al-Azhar. Alipojuzishiwa, alisoma, na sauti yake ikaingia katika nyumba ambazo asingeweza kuzitembelea hata angeishi umri mara mbili. Mwaka 1961 Misri ikatoa santuri za Qur'ani nzima kwa kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary.

Tazama walivyofanya. Walisita, wakauliza, wakajibiwa, kisha wakaingia wakiwa na adabu zao. Kusita kwa namna hii ni katika uchamungu. Ubaya huja pale mtu anaposita asiulize, au anapouliza kisha akakataa kusikia jibu.

Tanga: shule na herufi

Sasa tuje kwetu. Kabla ya Wajerumani, mtu wa Pwani aliyejua kusoma alikuwa amesomea chuoni. Alianza na ubao, akaingia Juzuu Amma, akahitimu msahafu, na kwa herufi zile zile za Kiarabu akaandika Kiswahili chake: barua, wosia, mikataba ya mashamba, hesabu za biashara na tenzi. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga alipoitungia utenzi vita vya Wajerumani kuitamalaki Mrima, vita ambavyo upande wa Pangani viliongozwa na Abushiri bin Salim, aliuandika kwa herufi hizo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafunguliwa shule ya serikali ya Kijerumani mjini Tanga. Ilifundisha Kiswahili kwa herufi za Kilatini, kwa sababu serikali ilihitaji makarani, wakalimani na walimu. Wazazi wengi wa Kiislamu walisita kupeleka watoto. Gavana von Soden mwenyewe alitambua kwamba shule za Pwani hazitapata watoto bila ya kuwa na mwalimu wa Qur'ani ndani yake, lakini mpango wa kumlipa mwalimu huyo ulipingwa vikali na wamisheni, na haukudumu.

Wazee wale hawakuwa wakiogopa wino. Herufi hizo walikuwa wakiziona mikononi mwa wamisheni, wale wa Unguja na wale wa Magila karibu na Muheza, na waliona zinakuja pamoja na dini nyengine. Hawakukosea. Baadhi ya wamisheni na wasomi wa Kijerumani hawakuficha kwamba kuziondoa herufi za Kiarabu katika Kiswahili kungepunguza nguvu ya Uislamu. Kwa hiyo mzee wa Tanga aliyesema "mwanangu hendi kule" alikuwa ameona jambo la kweli.

Lakini chombo hakikungoja. Shule ya Tanga ikawa na mtambo wake wa kuchapa, na kuanzia takriban 1905 hadi Vita Kuu ya Kwanza likatoka hapo gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Aliyejua herufi mpya alisoma habari za serikali, akapata kazi ya ukarani, akawa anawaandikia wenzake barua zao. Aliyejua herufi za zamani tu alianza kuhesabiwa kuwa hajui kusoma, naye amehitimu msahafu na ana tenzi sandukuni. Waingereza walipokuja waliendeleza njia ile ile: gazeti la Mambo Leo likaanza 1923, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ya mwaka 1930 ikasanifisha Kiswahili kwa herufi za Kilatini.

Hasara ikawa ya pande mbili. Waliokaa nje walikosa elimu ya zama zao. Na waliokwenda wakaiacha ya nyumbani, watoto na wajukuu zao wakawa hawawezi kuisoma barua ya babu yao. Leo ziko nyumba nyingi Tanga, Pangani, Wete na Mkoani zenye karatasi za zamani kwenye kasha ambazo hapana mtu wa nyumba hiyo anayeweza kuzisoma, ingawa watoto wake wanasoma msahafu vizuri. Herufi wanazijua. Kilichowapotea ni mazoea ya kuisoma lugha yao wenyewe kwa herufi hizo.

Walioingia na elimu yao

Hata hivyo si wote waliobaki kwenye kusita. Unguja, Sayyid Barghash bin Said (aliyetawala 1870–1888) alileta mtambo wa kuchapa herufi za Kiarabu karibu mwaka 1880, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchapa vitabu vya dini, kikiwamo kile kitabu kikubwa cha fiqhi ya Kiibadhi, Qamus al-Shari'a. Yaani visiwani mtambo uliingia ukiwa mikononi mwa Waislamu wenyewe, na watu hawakuuogopa kama ilivyoogopwa shule ya Tanga. Tofauti haikuwa katika mashine. Ilikuwa kwa anayeishika na anachokichapa.

Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) aliona Waislamu wanasoma magazeti ya wengine, akatoa Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932 kwa Kiarabu na Kiswahili. Na katika Tanga yenyewe Sheikh Ali bin Hemedi al-Buhriy, aliyekuwa kadhi, aliitia fiqhi katika vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa: Mirathi, na Nikahi kilichotoka 1959. Mtu asiyejua Kiarabu akaweza kujua fungu la mama na haki za mke katika ndoa. Shaaban Robert naye, Mwislamu aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alizichukua herufi ambazo wazee walizitilia shaka, akazijaza adili.

Mfano mzito zaidi ni tafsiri ya Qur'ani. Kwa muda mrefu masheikh wetu walisita kuitia Qur'ani katika Kiswahili kwa maandishi, kwa kuhofia maana isipotoshwe na watu wasidhani tafsiri ndiyo Qur'ani. Hofu hiyo ni sahihi. Lakini matokeo ya kusita yalikuwa kwamba tafsiri ya kwanza kamili ya Kiswahili, ya mwaka 1923, ilitoka kwa padri wa misheni, Godfrey Dale. Ya pili, ya mwaka 1953, ilitoka kwa Makadiani. Waislamu wa Pwani walingoja mpaka 1969 ndipo ikatoka kamili Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy (1912–1982) wa Unguja, na katika maelezo yake ilimbidi afanye kazi kubwa ya kuyajibu yaliyokwisha kusemwa na waliomtangulia. Tangu kitabu cha padri hadi kitabu cha sheikh ilipita miaka 46. Hiyo ndiyo bei ya kuukimbia uwanja: haubaki mtupu, huingia mwengine.

Televisheni na kanda

Wengine hudhani kusita ni kwa watu wa dini tu, au kwa watu wa visiwani tu. Televisheni inaonesha vyengine. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Tanzania Bara ilikaa bila ya kituo cha televisheni mpaka 1994. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona ni chombo cha gharama kitakachowafaa wachache wa mijini na kuleta mila za nje, ikatilia nguvu redio, ambayo ilimfikia mkulima shambani na kutumika katika elimu ya watu wazima, kama kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa hiyo kwa miaka ishirini hivi, mtu wa Wete angeweza kuwa na kituo chake cha televisheni na jamaa yake wa Tanga asiwe nacho, na sababu haikuwa fatwa. Ilikuwa ni sera.

Katika kipindi hicho kanda za kaseti zilifanya kazi kubwa. Darsa za Sheikh Nassor Bachu wa Unguja zilisambaa kwa kanda kutoka mkono hadi mkono. Lamu, Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, anayejulikana kama Ustadh Mau, alitunga mashairi ya mawaidha yaliyosikika majumbani kwa kanda. Chombo ambacho vijana walikitumia kwa nyimbo kikawa minbari. Leo Tanga ina Redio Nuur, na hakuna anayeuliza tena kama inajuzu kusikiliza mawaidha redioni. Swali limekwisha kwa sababu watu wenye elimu waliingia.

Masuala yanayoulizwa sana

Baada ya historia hii, tujibu yale yanayojirudia.

*Kushika simu yenye msahafu bila ya udhu.* Katika madhehebu ya Imam Shafii, kilichoandikwa Qur'ani kwa ajili ya kusomea, kama ubao wa chuoni, hupewa hukumu ya msahafu kwa kauli yenye nguvu, kama alivyotaja Imam Nawawi katika Minhaj. Ubao ukifutwa, hukumu huondoka. Wanazuoni wengi wa zama hizi wamesema kwamba simu si msahafu, kwa sababu maandishi yake hayathubutu humo, ni mwanga unaotokea na kupotea, na kwa hiyo kuishika bila ya udhu kunajuzu. Wapo walioona kwamba wakati aya ziko wazi juu ya kioo, ni kama ubao ulioandikwa, basi usiguse maandishi bila ya udhu. Rai ya kwanza ina wasaa, na ya pili ina ihtiyati. Programu ikifungwa, wote wanakubaliana kwamba ni simu tu, kwa hiyo hapana tatizo kuwa nayo mfukoni chooni. Kuifungua na kusoma humo ndiko kusikofaa.

*Mtoto asiye na udhu.* Minhaj hiyo hiyo imetaja kwamba mtoto mwenye kupambanua hazuiliwi kushika msahafu na ubao kwa ajili ya kujifunza. Basi simu ni nyepesi zaidi.

*Kusoma kwenye simu ndani ya swala.* Kusoma kwa kuangalia msahafu katika swala hakuibatilishi kwa Mashafii, maadamu mtu hakuzidisha mienendo mingi mfululizo. Imam Abu Hanifa ameona inabatilisha. Anayeswalisha tarawehe kwa simu azime sauti na mawasiliano kabla ya kuhirimia, kwani ujumbe unaoingia juu ya aya ni fitna kwake na kwa walio nyuma yake. Na bora kuliko yote ni kuhifadhi.

*Sijda ya kisomo kwa kusikia kanda au redio.* Vitabu vya zamani vya Kishafii vilikwisha kuzungumzia ndege aliyefunzwa kutamka aya: hakusujudiwi kwa kisomo chake, kwa sababu hana makusudio. Wengi wa wanazuoni wa leo wamekifananisha kisomo kilichorekodiwa na hilo. Kisomo cha moja kwa moja kina khilafu. Ama thawabu za kusikiliza na kuzingatia, bibi yetu mwenye redio ya kadi atarajie kheri kwa Allah. Lakini asiiache ikasoma huku nyumba nzima inapiga soga, kwani Suratul A'raf, aya ya 204, imetuamrisha kusikiliza na kunyamaza inaposomwa.

*Kujifunza Qur'ani kwa programu bila ya mwalimu.* Hapa wazee wana haki kamili. Qur'ani imepokewa kwa mdomo na sikio, mwalimu kwa mwanafunzi, tangu kwa Mtume (s.a.w.) aliyeipokea kwa Jibril. Programu itamsomea mtoto aya mara mia bila ya kuchoka, na hilo ni msaada mkubwa kwa kuhifadhi, lakini haimwoni mtoto anavyoweka ulimi katika dhaad, wala haimfundishi kukaa mbele ya mkubwa kwa adabu. Mtoto asomee kwa mwalimu, na programu imsaidie kurudia nyumbani.

*Vitabu vya PDF.* Wengi hutumiana vitabu vizima kwa simu bila ya ruhusa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha mwaka 1988, liliamua kwamba haki za uandishi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Kitabu alichokitoa mwenyewe bure kisambazwe. Kinachouzwa kinunuliwe, na katika hayo ndimo masheikh wetu watapata nguvu ya kuandika chengine.

*Tamthilia, katuni na michezo ya simu.* Hukumu yake ni hukumu ya kilichomo. Kikiwa na utupu, matusi, ushirikina, kamari au kinampotezea mtu swala, ni haramu, hata kiitwe cha watoto. Kikiwa ni burudani safi kwa kiasi, dini yetu haikukataza mtu kujifurahisha. Suala la ala za muziki lina mjadala wake, na jumhuri ya wanazuoni wa madhehebu manne wamezikataza nyingi katika hizo. Mzazi ajue hilo kabla hajasema "ni katuni tu".

*Habari zinazosambazwa.* Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakiki habari anapoileta mtu asiyeaminika. Hadithi iliyokuja kwenye simu bila ya chanzo isitumwe kwa mwengine mpaka iulizwe kwa wenye elimu. Anayetuma naye ni msimulizi, na atabeba alichosimulia.

Maswali matatu kabla ya kukubali au kukataa

Kwa kila kipya kinachobisha hodi nyumbani, tunawausia wazazi waulize mambo matatu.

Kwanza, kina nini ndani? Usihukumu kwa umbo wala kwa jina. Kishike, kifungue, kitazame mwenyewe kabla ya mtoto.

Pili, kinaondoa nini? Hili ndilo swali ambalo wazee wa Tanga waliliona mapema na wengi wetu tunalisahau. Herufi mpya zilileta elimu, lakini ziliziondoa za zamani kwa sababu hakuna aliyesimama kusema tuchukue zote mbili. Simu ikiingia baina ya magharibi na isha, wakati ambao zamani ulikuwa wa chuo na wa kisomo cha nyumbani, basi imeondoa kitu. Mzazi airudishe saa ile mahali pake, na simu itafutiwe wakati mwengine.

Tatu, nani ameshika usukani? Simu iliyo sebuleni mbele ya watu si sawa na simu iliyo chini ya shuka usiku. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kwa alichokichunga. Kumpa mtoto chombo na kuondoka si kuchunga.

Nasaha kwa vijana na kwa wazee

Kwa vijana: babu anayekataa televisheni au simu usimwite mshamba. Mara nyingi ameona kitu ambacho wewe hukuishi kukiona, yaani namna chombo kinavyoweza kuingia nyumba kikaibadilisha lugha, mavazi na wakati wa swala. Keti naye umuulize anahofia nini hasa. Ukijua hofu yake, unaweza kumuonesha msahafu wenye maandishi makubwa asiyohitaji miwani, au kumtafutia darsa ya sheikh anayempenda. Na akikataa baada ya hapo, mwache na heshima yake. Si wajibu kwa mtu kumiliki simu.

Kwa wazee wetu: watoto hawa wataishi na vyombo hivi mpende msipende. Mkiwakataza bila ya kuwaelekeza, watavijua kwa rafiki wa mtaani, na huyo hatawafundisha haya. Yaliyotokea kwa shule na kwa tafsiri ya Qur'ani yanatutosha kuwa somo.

Na kwa pande zote mbili tunapendekeza kazi moja ya kuifanya pamoja. Fungueni kasha la karatasi za zamani. J.W.T. Allen, Mwingereza aliyeishi na kufanya kazi Tanga, alikusanya miswada mingi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kutoka kwa familia za Pwani, na leo imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini iliyobaki majumbani inaliwa na mchwa. Kijana aipige picha kwa simu yake, ukurasa kwa ukurasa, mzee amsomee au amsimulie, na sauti irekodiwe. Mtoto aliyehitimu Juzuu Amma ameshazijua herufi. Amebakiwa na chache zilizoongezwa kwa ajili ya sauti za Kiswahili, kama pa, cha na ga, ambazo mtu anayejua atamfundisha kwa siku chache.

Huenda mkakuta humo wosia wa mirathi ambao haukutekelezwa, au deni la marehemu ambalo halijalipwa, au waqfu wa shamba ambao watu wameusahau. Hizo ni haki, na haki haifutiki kwa kukosekana wa kuisoma. Chombo ambacho babu alikihofia ndicho kitakachoisomesha barua ya babu yake.

Tunamuomba Allah atujaalie kheri ya kila kipya na atukinge na shari yake, na awarehemu masheikh na walimu wetu wa Pwani na visiwani waliotutangulia.

Wallahu A'lam.